Nyota Zina Lafudhi

Heidelberg, Ujerumani
Januari

Assalaam aleikum Babu, na shikamoo.

Baba akusomee barua hii polepole, tena asiruke mistari kama kawaida yake. Mimi mzima, ila baridi inanionea. Leo nimevaa soksi pea tatu na vidole bado sivisikii.

Juzi kwenye simu ulinitania: "Mke wangu, wenzio wanakwenda Ulaya kusomea udaktari, wewe umekwenda kuhesabu nyota?" Mtandao ukakata kabla sijajitetea. Nakujibu sasa: kazi yangu ni kujua nyota ilizaliwa lini, na kwa nani.

Unamjua yule mzee wa Kipemba pale sokoni. Amekaa Lindi tangu Baba hajazaliwa, kaoa hapo, kazaa hapo, lakini akifungua mdomo tu, mtoto mdogo anajua huyu katoka kwingine. Nyota nazo ndivyo zilivyo. Mwanga wake ukiutawanya kama upinde wa mvua, unaona mistari myembamba myeusi: huu wa chuma, huu wa kalsiamu, huu wa magnesiamu. Nyota hurithi mchanganyiko wa wingu lililoizaa, na hata ikihamia mbali, urithi huo kwa sehemu kubwa hubaki usoni pake.

Tunachokisikiliza zaidi ni magnesiamu na chuma. Magnesiamu hutoka kwenye nyota kubwa kubwa, ambazo huishi miaka milioni chache tu kisha hulipuka. Chuma kingi huchelewa, kwani hutoka kwenye makaa ya nyota ndogo zilizokwisha kufa, na makaa hayo huweza kungoja hata miaka bilioni kabla ya kulipuka. Kwa hiyo nyota yenye chuma kidogo na magnesiamu ya kutosha ilizaliwa mapema. Galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota kama hili letu, ikiwa ndogo huzaa kwa kusuasua. Chuma kinapowasili huikuta bado maskini wa kila kitu, na uwiano wa viwili hivyo unaharibika mapema. Hapo ndipo lafudhi zinapoachana.

Chombo cha angani kiitwacho Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, kilipima mahali zilipo nyota karibu bilioni 2 na jinsi nyingi kati yao zinavyokwenda. Mwaka 2018 Amina Helmi na wenzake, kule Groningen, Uholanzi, wakagundua kundi kubwa la nyota zenye mwendo wa peke yake na lafudhi ya ugenini. Ni watoto wa galaksi nyingine, iliyomezwa na yetu yapata miaka bilioni 10 iliyopita. Wao wakaiita Gaia-Enceladus. Watafiti wengine walioigundua mwaka huohuo wakaiita Soseji, kwa umbo lake kwenye grafu. Galaksi nzima, Babu, soseji!

Shida yetu ni umri. Jua tunalijua, lina miaka bilioni 4.6, kwa sababu vimondo vilivyozaliwa pamoja nalo vinatuangukia na tunavipima. Nyota nyingine haitupi jiwe. Tena nyingi hukaa mabilioni ya miaka bila kubadilika sura, kama shangazi. Afadhali zile zinazotoka utu uzima kuingia uzee, zimeanza tu kuvimba: kwa kipindi hicho kifupi, ung'avu wake hutaja umri wake. Maosheng Xiang na Hans-Walter Rix, wa taasisi iliyo juu ya mlima hapa mjini, walichukua nyota za namna hiyo karibu 250,000. Galaksi yetu ni bapa kama sahani, na mwaka 2022 wakaonyesha kwamba sehemu nene ya sahani hiyo ilianza kuzaa nyota miaka bilioni 13 iliyopita, kabla hata mgeni yule hajamezwa.

Mimi nilipojaribu kwa mara ya kwanza, nilipata nyota ya miaka bilioni 16. Nikafurahi! Msimamizi wangu akaniuliza ulimwengu wenyewe una miaka mingapi. Bilioni 13.8. Nilikuwa nimemzaa mtoto akamzidi umri mama yake. Nilikosea umbali wa nyota ile. Niliidhani hafifu kuliko ilivyo.

Sasa Kilimia chako, lile kundi dogo la nyota. Ulinifundisha: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilidhani ni cha tangu na tangu. Kumbe ni kichanga, kina miaka milioni 100 na kitu tu. Mwezi uliopita nilikwenda Berlin kuwaona wale dinosaria, wanyama wakubwa wa kale, wa Tendaguru, waliochimbwa huko kwetu kati ya 1909 na 1913. Mkubwa wao kasimama zaidi ya mita 13. Nilisimama chini yake nikaona uchungu kidogo, kukata tiketi nimwone mtu wa nyumbani. Yeye aliishi miaka milioni 150 iliyopita. Alitembea Lindi usiku, na Kilimia hakikuwepo.

Jioni hizi nakiona juu, upande wa kusini. Wewe kitafute kaskazini baada ya Magharibi. Na yale majina mengine ya nyota mliyokuwa mkiyatumia baharini, mwambie Baba akurekodi kwa simu, yote, hata yale unayoyaona ya kipuuzi.

Msalimie Bibi. Pesa ya dawa ya macho nimeituma jana kwa Baba.

Wasalaam,
Mkeo mdogo