Gari Imetoka Japani na Matairi "Mapya"? Soma Ubavuni Kwanza

Wapendwa wateja wetu wa Arusha na wale mnaokuja kutoka Moshi na Babati, leo naomba niongelee matairi ya SUV, maana kila wiki hapa dukani inaingia RAV4, Harrier au X-Trail iliyotoka bandarini juzi tu, na mwenye gari anashuka anasema tairi ziko poa kabisa, kashata (yale meno ya tairi) bado ndefu, nifanyieni alaimenti (kunyoosha magurudumu) tu niondoke.

Kuna dada mmoja alikuja hivyo hivyo. Kwa macho matairi yalikuwa mazuri kweli. Nikamwambia dada hebu inama kidogo tuangalie wote, nikaweka kucha kwenye kashata ikazama kama nimebonyeza kifutio cha shule, halafu juu ya kila kashata kulikuwa na mistari myembamba ya kupinda pinda kama imechanjwa na wembe. Ubavuni kuna alama ya mlima na theluji katikati, na neno STUDLESS. Hayo ni matairi ya baridi ya Japani, yametengenezwa kwa ajili ya barafu, na ni matairi mazuri sana huko kwao. Sasa yalete kwenye lami ya Same saa nane mchana! Mpira unalegea, gari inayumba kwenye kona, breki inachukua muda kushika hasa lami ikiwa imelowa, na kashata zinaliwa haraka mno. Mengi yao yana herufi Q mwishoni mwa saizi, yaani mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa, wakati la kawaida la gari kama hiyo huwa H, kilomita 210. Sisemi mtu akimbie hivyo, ila inakuonyesha tairi limeumbwa livumilie moto kiasi gani.

Herufi M+S (tope na theluji) peke yake isikutishe lakini, hiyo iko hata kwenye matairi mengi ya kawaida ya SUV. Ogopa ile ya mlima na theluji ikiwa pamoja na mpira laini na ile mistari ya wembe.

Haya, sasa ununue lipi la kutembelea mwaka mzima, kiangazi, vuli na masika? Mimi nauliza swali moja tu, gari inalala wapi na inaenda wapi siku tano za wiki. Kama ni Njiro mpaka mjini, na Dar mara mbili kwa mwaka, chukua H/T (tairi la lami), halina kelele, kwenye lami yenye maji linashika vizuri na halili mafuta sana. Kama nyumbani kwako kuna kilomita kadhaa za vumbi na mawe, au kazi yako ni Karatu kwenda mbele ya geti la Ngorongoro ambako lami inaishia, hapo lipia A/T (la lami na la vumbi pia), ubavu wake kwa kawaida ni mgumu zaidi na mawe hayalichani kirahisi. Ila nikuambie ukweli, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi mwezi wa nne hata A/T linajaa tope linakuwa kipara, usidanganyike kwamba utapita popote. M/T (la tope) lenye meno makubwa mtu wa mjini simshauri, linaunguruma na kwenye lami yenye mvua linateleza.

Angalia na tarehe. Ubavuni baada ya neno DOT kuna tarakimu nne za mwisho, ukikuta 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa halijawahi kugusa barabara na bado limezeeka stoo, na la mtumba ndiyo usiseme, pindisha pindisha uone kama lina nyufa ndogo ndogo ubavuni. Pia ile namba ya uzito, mfano 225/65R17 102H, hiyo 102 ni kilo 850 kwa tairi moja, usishuke chini ya ile iliyokuja na gari, hasa kama unabeba familia na mizigo ya Krismasi.

Wenye foo-wili (gari inayosukumwa na magurudumu yote manne) tafadhali msibadilishe mawili ukaacha mawili yaliyoisha, mzunguko wake unatofautiana na mfumo wa kugawa nguvu unahangaika muda wote mpaka unakufa, na bei yake inazidi matairi manne.

Upepo soma kwenye stika ya mlango wa dereva, gari za Japani wanaandika kPa, 220 ni kama PSI 32 za huku kwetu. Pima asubuhi tairi likiwa limepoa. Ukipita dukani njoo na spea pia tuishushe tuiangalie, kuangalia hatuchaji.