Tuulizane kwanza kabla ya kupiga window

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na watu wawili wanaokutana kila siku na bado hawaelewani: mwenye kompyuta na fundi wake. Mmoja analeta mashine na kusema "imekufa". Mwingine anaipokea bila swali hata moja na kujibu "hiyo ni ya kupiga window", yaani kufuta diski na kuiwekea Windows upya. Jioni mashine inawaka vizuri, lakini mafaili ya miaka minne hayapo. Naandika kwa sababu hasara hiyo mara nyingi ingezuilika kwa mazungumzo ya dakika tano.

Neno "imekufa" lina magonjwa mengi ndani yake. Kuna mashine isiyopokea umeme kabisa. Kuna inayowasha taa na kuzungusha feni huku kioo kikibaki cheusi. Kuna inayofika kwenye nembo ya Windows ikaganda hapo. Kuna inayowaka hadi mwisho, ila programu moja tu haifunguki, na mwenyewe anasema kompyuta nzima imekufa. Kila moja ina dawa yake na bei yake.

Isiyopokea umeme ianzwe ukutani. Soketi zetu zina swichi, ekstensheni ina swichi, boksi lenyewe (wengi huliita CPU) lina swichi ndogo kwa nyuma, penye waya wa umeme, yenye alama ya 1 na 0. Mtu akipitisha ufagio asubuhi na kugusa mojawapo, ofisi nzima itaamini mashine imeungua. Laptopu isiyoitika chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, kandamiza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake na ujaribu. Umeme uliobaki ndani ya saketi huweza kuizuia isiwake, na hapo unakuwa umeumaliza. Kioo kikiwa cheusi baada ya mkutano wa projekta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha chagua "PC screen only". Picha ilikuwa inapelekwa kwa projekta ambayo haipo tena. Kwa kutojua hilo tu, mtu anaweza kununua kioo kipya bure.

Sasa nije kwenye swali linaloleta ugomvi kuliko yote: "Umezima ukawasha tena?" Mteja hujibu kwamba amezima mara tatu, fundi hamwamini. Mteja anasema kweli. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna utaratibu unaoitwa Fast Startup. Ukibonyeza "Shut down", mfumo haujifuti wote kwenye kumbukumbu. Sehemu yake ya ndani huhifadhiwa kwenye diski, na kesho husomwa ilivyokuwa, pamoja na hitilafu yake. "Restart" haipiti njia hiyo, huanza upya kabisa. Anayetaka ushahidi abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, aende "Performance", kisha "CPU", asome mstari wa "Up time". Unaweza kukuta siku 20 na zaidi kwenye mashine inayozimwa kila jioni. Kwa hiyo fundi aseme waziwazi: bonyeza Restart. Na mtumiaji ajue kwamba kuzima kioo si kuzima kompyuta.

Jambo la pili ni ujumbe unaotokea kwenye kioo. Watu wengi huufunga kabla ya kuusoma, na siwalaumu, kwa kuwa umeandikwa Kiingereza cha kutisha na hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba ule ndio kauli ya mgonjwa mwenyewe. Usiufunge. Toa simu, upige picha. Kama kioo kimegeuka bluu, piga picha ya maneno ya chini pia, yale ya "Stop code".

Chukua mfano mmoja. Kompyuta inakataa karibu kila tovuti, inasema muunganisho si salama, wakati simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile inaingia bila shida. Mtumiaji analaumu bando, fundi wa haraka analaumu virusi. Tazama saa kwenye kona ya kioo. Ukikuta mwaka 2015, ugonjwa umeshajulikana. Tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayodhani iko 2015 huona cheti hicho bado hakijaanza kutumika, hivyo hukikataa. Kinachopoteza saa mara nyingi ni betri ndogo ya duara kama sarafu iliyo kwenye ubao mkuu, aina ya CR2032, volti 3. Kwenye kompyuta ya mezani, zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, sukuma kishikizo kwa bisibisi ndogo, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu, washa, rekebisha saa na tarehe. Basi. Hapo hakuna window ya kupiga.

Flashi nayo ina kilio chake. Mtu anaichomeka akitoka steshenari, anakuta kila folda imegeuka "shortcut" (njia ya mkato tu, si folda yenyewe) yenye ukubwa wa KB 1 au 2. Usiibofye, kwa maana kuibofya ndiko kunakokiamsha kirusi, na usikubali iformatiwe, yaani ifutwe yote. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu. Pitisha antivirusi kwanza, futa zile shortcut, kisha fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri) na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Folda zitarudi kuonekana.

Printa ikinyamaza, usiibonyezee Print mara kumi na tano, maana zote zinapanga foleni na zitatoka zote siku itakapoamka. Foleni iliyoganda inafunguliwa kwa kusimamisha Print Spooler (huduma ya Windows inayopanga kazi za kuchapa), kufuta vilivyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha kuiwasha tena. Na printa ya leza isichomekwe kwenye UPS (boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika) pamoja na kompyuta: kila inapopasha joto hunyonya umeme mwingi kwa ghafla, UPS ndogo inazidiwa na kuzimika, na kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea.

Narudi kwa mafundi wenzangu, ambao ndio hasa ninaowaomba. Kupiga window upya ni dawa halali, lakini iwe ya mwisho. Vitu vya Desktop, Documents na Downloads, kwa kawaida viko kwenye diski C, humohumo tunamoformati. Nakili folda yote ya C:\Users kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili matatu manne kutoka kwenye nakala kuhakikisha yanasomeka. Hapo hujamaliza. Programu za uhasibu na za duka mara nyingi huweka kumbukumbu zake nje ya folda hiyo, ndani ya C:\ProgramData au kwenye folda ya programu yenyewe, na duka linaweza kupoteza madeni ya wateja wake wote kwa sababu fundi alinakili picha na nyimbo tu. Windows isipowaka, toa diski uiunge kwenye mashine nyingine kwa kebo ya SATA kwenda USB. Diski ikigonga tik-tik, zima mara moja, usiendelee kuijaribu. Laptopu za karibuni huenda diski yake imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda data ya diski), basi ulizia ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kugusa chochote. Mara nyingi umo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, naye hajui. Na kama unamwekea mtu Windows 10, mwambie kwamba msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, aamue akiwa anajua.

Kila kibanda cha fundi kiwe na karatasi moja ya maswali ya kujazwa mashine inapopokelewa: umeona nini hasa kwenye kioo, ilianza lini, nini kilibadilika kabla yake (umeme kukatika, programu mpya, chai kumwagika), mafaili gani huwezi kuyapoteza na uliyaweka wapi. Chini yake pawe na mstari mmoja wa sahihi ya mwenye mali, wa kukubali au kukataa diski yake ifutwe, na sahihi hiyo iwekwe kabla bisibisi haijashikwa.

Fundi kompyuta,
Tanga