Mdogo wangu, kijana anatimiza miaka 18

Mdogo wangu mpendwa,

Uliponipigia kuniambia kijana wetu anatimiza miaka 18 mwezi Novemba, ulisema ukoo umeshakaa na kukubaliana kwamba hatatupwa. Nawaamini. Baba zake wadogo ni watu wema, na pale Kibosho hakuna asiyemjua. Lakini neno la kikao hukaa vichwani mwa waliohudhuria, na kijana anaweza kuishi kuliko wao wote. Nakuandikia hadharani kwa sababu wapo kina mama wengi, Moshi na huku kwetu Arusha, wenye mtoto mwenye ulemavu wa akili anayekaribia utu uzima, na hakuna aliyewaeleza.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18. Akifikisha umri huo, mbele ya sheria ni mtu mzima, na saini yako haisimami tena badala ya yake, hata kama bado unamfunga vifungo vya shati. Hakuna atakayekuletea taarifa. Mzazi hujua siku anapofika dirishani benki, au daktari anapouliza ridhaa ya mgonjwa mwenyewe.

Anza na makaratasi yake. Hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, linafanana na la shuleni, kisha mpeleke NIDA, wanakotoa vitambulisho vya taifa. Bila namba ya NIDA hawezi kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, na bila laini yake hata pesa ya mayai anayouza itaendelea kupita kwenye simu za watu wengine. Nendeni asubuhi mapema kabla foleni haijajaa. Kelele unajua zinavyomtesa.

Utaambiwa ukimbilie mahakamani. Ni kweli, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inairuhusu mahakama kumteua mtu wa kusimamia mali ya asiyeweza kuisimamia mwenyewe kwa sababu ya akili, na ushahidi wa daktari ndio utakaobeba maombi hayo. Itafika siku mtahitaji njia hiyo, hasa akishakuwa na mali kubwa kwa jina lake. Ila naomba usianzie hapo. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara yake ya 12 inamtambua mtu kama huyu kuwa sawa na wengine mbele ya sheria, akisaidiwa kuamua pale anapohitaji msaada. Sheria yetu ya mikataba nayo hutazama kama mtu anaelewa jambo lile wakati ule anapolikubali. Kijana wetu anazijua noti, anajua nani anamdai, na anajua kabisa hataki kwenda kuishi mjini. Mtu wa namna hiyo usimwombee amri ya kumnyamazisha katika kila kitu kwa sababu tu hawezi kusoma fomu ya mkopo.

Sasa kihamba, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa, maana hapa ndipo hofu yangu ilipo.

Shemeji, baba wa kijana, anataka sehemu ya kijana iandikwe kwa jina la kaka wa kijana, “amtunzie”. Nia ni njema, nami nampenda huyo kaka. Lakini kilichoandikwa kwa jina la kaka ni cha kaka. Anaweza kukiweka rehani. Akifa, kinaingia kwenye mirathi yake, kinaenda kwa mke na watoto ambao hawakuahidi chochote kwa mtu yeyote. Kijana atabaki mgeni chini ya migomba aliyoimwagilia tangu utotoni, na hakuna karatasi ya kumtetea.

Shemeji aandike wosia ulio wazi: sehemu hii ni ya kijana, fulani ataisimamia kwa faida yake, na huyo akishindwa au akitangulia, fulani wa pili anashika. Aeleze na mapato ya kahawa na ndizi yatumike kwa nini: chakula, dawa, nguo, mtu wa kukaa naye. Kwa wosia wa kimila wa maandishi, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo, na wewe mkewe uwepo. Mashahidi wasiwe wenye kurithi. RITA huandika na kuhifadhi wosia, kwa hiyo usiishie sandukuni chini ya kitanda. Kama mnaweza, wakili awaeleze pia habari ya udhamini, ambapo mali hushikwa na wadhamini kwa ajili yake. Fedha isiwazuie: tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuwaelekeza kwa watoa msaada.

Kabla hamjaandika jina la msimamizi, muulizeni kijana mwenyewe. Anao watu anaowakimbilia akiogopa, na wengine huwakwepa hata wakija na zawadi. Wewe unawajua. Hilo lina uzito kuliko nani ni mkubwa katika ukoo.

Mimi mama yake mkubwa nipo tayari kuandikwa wa pili. Ni afadhali nisiwe shahidi na msimamizi kwa pamoja, kwa hiyo shahidi wa nje ya ukoo mtafuteni hapo Kibosho, mtu mnayemheshimu na asiyetaka kitu kwenu. Mwambie shemeji naja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tuanze kuandika.

Dada yako,
Arusha