Barua kwa Wekesa: tulipanda Chetambe

Mwanangu Wekesa,

Najua mama yako amekupigia simu kushtaki kwamba nilimpandisha mtoto mlimani juani. Ukweli ni kwamba Nasimiyu ndiye aliyenipandisha mimi. Miaka yote hii nimeishi hapa Webuye na Chetambe iko juu ya paa letu, nami nilikuwa nauangalia mlima huo kujua tu kama mvua inakuja. Nilipokuwa kiwanda cha karatasi hata hilo sikufanya. Zamu, usingizi, zamu.

Usitarajie Fort Jesus. Chingoba za wazee wetu zilikuwa kuta za udongo na handaki kuzunguka boma, na udongo ukinyeshewa unarudi ulikotoka. Nilimwonyesha mtoto mahali ardhi imebonyea. Akaingia, akachuchumaa, akauliza, "Kuka (babu), wananiona?"

Nikamsimulia. Askari wa Kisudani waliotoroka kambi ya Mumias waliwauzia wazee wetu Wabukusu bunduki, Waingereza wakazidai, na msafara uliotumwa kuzichukua ukauawa. Basi mwaka 1895 Hobley, ofisa wa Waingereza, akaja na Wasudani, Waganda na Wawanga (ndiyo, Waluhya wenzetu, hapo wajomba zako hunyamaza). Lumboka, ngome ya Wabukusu, ikaanguka kwanza. Walionusurika wakakimbilia huku juu kwa jirani zetu Watachoni.

Nilipogeuka kutazama chini nilishika kiuno. Mji wote uko miguuni: reli, malori ya Malaba yamepangana kama siafu, mto Nzoia, chimni za kiwanda nilikoacha ujana wangu. Anayetoka upande wa Mumias unamwona mapema kabisa. Kwa hiyo waliwaona wakija, Wekesa. Walikuwa na muda wa kuwahesabu. Handaki lilikuwa limewazuia watu wa mikuki miaka mingi, nao wazee wetu wakaingia humo kusubiri, ila safari hii kulikuwa na bombomu, bunduki ya rashasha.

Shuleni tulikariri Maji Maji mpaka tukaiota. Hii ya juu ya paa letu sikuwahi kuulizwa kwenye mtihani. Elijah Masinde, yule nabii aliyewapinga wakoloni, ndiye aliyewakumbuka: miaka ya 1940 aliwapandisha wafuasi wa Dini ya Msambwa hapo kuwaombea waliokufa. Babu yako alikuwa akilitaja jina lake kwa sauti ya chini.

Nasimiyu alilala mgongoni mwangu tulipokuwa tukishuka. Sweta yake ya kijani tuliisahau kwa bodaboda; imepatikana, nitaituma Nakuru na matatu ya Ijumaa.

Baba yako