Tuisheni imekuwa kompalsari kwa sheria gani?

Mhariri, asalaam alaykum. Naomba nafasi nisemee hili neno kompalsari, mana siku hizi huku Pemba matangazo ya tuisheni yanaandikwa hivo na mzazi akishalisoma anajiona hana la kusema tena. Kwa Kiingereza neno hili lina uzito wake, ni kitu ambacho sheria au kanuni inakulazimisha, kama Uingereza sheria ya 1880 ilivowalazimisha watoto wa miaka 5 hadi 10 waende skuli, au kwenye mtihani swali la kompalsari huliruki ukachagua jengine. Halina maana sawa na neno muhimu, hapo ndo watu wanapochanganya! Tuisheni ya jioni ni muhimu sana na mie naiunga mkono, lakini kanuni gani inamlazimisha mvuvi alipe? Elimu bure Zanzibar ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, leo mtoto anarudishwa nyumbani kwa pesa ya tuisheni, inauma jamani. Walimu wetu tunawaheshimu, basi kama ni hiari waandike hiari, na kama ipo kanuni waitaje tuisome.

Mzazi, Wete, Pemba