Barua ya wazi kwa Prezida wa timu yetu: fungua sanduku la leseni

Papa Prezida,

Salamu kwako na kwa Mama wa nyumbani. Nakuandikia kutoka komini ya Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi, Kongo, mahali unapopajua vizuri. Banda langu la bukari, ugali wetu, liko karibu na lango la uwanja wa mazoezi, chini ya mwembe, na umekula pale mara nyingi, wewe na wageni wako. Haya ninayoyaandika nilitaka kuyasema tukiwa tumekaa, kwa heshima, kama mama anavyozungumza na mkubwa wa timu. Nimekuja kwako mara tatu. Mara ya kwanza mlinzi alisema umesafiri Kolwezi. Mara ya pili alisema umelala. Mara ya tatu gari lako lilikuwa uani, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu nilirudi, na geti halikufunguliwa. Kwa hiyo nasema mbele ya watu wote.

Jumanne ya wiki ile nyingine, saa kumi alfajiri, gari lilisimama mbele ya nyumba ya nyanya yake Namba Nane, mchezaji wetu wa katikati. Mtoto akapanda na begi moja, wakashika njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mimi nilipata habari saa mbili asubuhi, napepea makaa yashike moto. Mdogo wake alikuja amevaa sare ya shule, akasimama tu. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Mama, yaya, kaka yangu, ameenda Tanzania. Wamemuuza." Nyuma yangu, kwenye kamba, jezi zote za timu zilikuwa zimeanikwa, maana unajua ni mimi ninayezifua. Ya nane ilikuwa bado inachuruzika shingoni kwa mvua ya usiku. Ninayo mpaka leo. Nimeikunja, nimeiweka juu ya kabati, na hakuna mtu wa ofisi yako aliyekuja kuiulizia.

Papa, nakukumbusha mwezi wa nane mwaka jana. Ulipanda juu ya kreti ya bia pale uwanjani ili watu wa nyuma wakuone. Ulisema, na tuliokusikia tulizidi mia: "Huyu mtoto hatoki mpaka tupande daraja. Na siku atakayotoka, tutamsindikiza kwa ngoma mpaka uwanja wa ndege wa Luano." Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Wazee walikushika mkono mmoja mmoja. Sasa zimebaki mechi tano, tuko nafasi ya pili, na mtoto hakuiona Luano wala ngoma. Alipita kwenye barabara ya malori ya shaba, gizani, hata kocha hakumuaga.

Jumapili tukacheza bila yeye. Wewe hukuja, basi nikuambie ilivyokuwa. Yule aliyewekwa katikati ni mtoto mzuri, simlaumu, lakini kila mpira aliopata aliupiga mbele juujuu kama mtu anayetupa kitu kinachomchoma. Namba Nane alikuwa anaukanyaga kwanza. Anaukanyaga kwa unyayo, anainua kichwa, anawangoja wawili wamjie, halafu unaona mpira umeshatoka katikati yao na winga anakimbia peke yake. Watoto wa komini yote siku hizi wanakanyaga mpira vile, hata wa makaratasi. Jumapili hakuna aliyeukanyaga. Tulifungwa matatu. Mashabiki hawakuimba wala hawakuzomea, na mimi ukimya ule ulinitisha kuliko kelele. Jioni vijana walitaka kuja kwako na mawe. Mimi na wazee wawili tulisimama njiani tukawarudisha. Nakuambia ujue kwamba tuliilinda nyumba yako.

Usidhani tunalilia mchezaji asiuzwe. Lubumbashi si mji wa kufundishwa mpira. Timu zetu mbili kubwa, Mazembe na Lupopo, zote zilizaliwa 1939. Kombe la Afrika la klabu liliingia hapa na Mazembe 1967, likabaki 1968, likarudi 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 tulikaa mbele ya televisheni moja avenyu nzima, tukaona watoto wa hapa wakiwafunga Internacional ya Brazil 2–0 kule Abu Dhabi na kuingia fainali ya dunia dhidi ya Inter ya Milano. Tulipoteza 3–0 na bado tukacheza ngoma mpaka asubuhi. Na tunajua kuaga. Samatta alikuja Mazembe 2011 kutoka Dar es Salaam akiwa kijana mwembamba. Akafunga mechi zote mbili za fainali ya 2015, ya Algiers na ya hapa nyumbani, na Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Nani alirusha jiwe? Alikuwa ametupatia kombe, tulijua anakwenda wapi, tukamwombea. Hata mimi, ambaye roho yangu iko kwenye timu ndogo ya komini, nilimwombea.

Hivyo mtoto akienda Tanzania kutafuta maisha, mimi ni wa kwanza kumbariki. Nyanya yake ni mzee, nyumba yao inavuja. Kinachoninyima usingizi ni kitu kingine, na sitazunguka tena: leseni zake, zile kadi za kuandikishwa timu kila mwaka.

Binti yangu anasoma sheria chuo kikuu. Jumatano usiku alinisomea kanuni za FIFA kwenye simu, taratibu, mara mbili, mpaka nikaelewa. Mchezaji akihama kwa pesa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, sehemu ya pesa hizo, asilimia 5, hukatwa na kugawiwa timu zote zilizomlea tangu mwaka wa miaka yake 12 mpaka 23. Miaka ya 12 hadi 15, kila mwaka una robo ya asilimia moja. Kuanzia 16, kila mwaka una nusu. Namba Nane aliingia kwetu na miaka 12, ametoka na 18. Tukahesabu pamoja kwenye meza ya bukari: miaka minne ya kwanza ni asilimia 1, mitatu ya mwisho ni moja na nusu. Jumla mbili na nusu. Akiuzwa tena siku moja kutoka Tanzania kwenda mbali kwa dola 100,000, timu yetu ina dola 2,500. Akiuzwa kwa milioni, ina 25,000. Na tena akiuzwa, na tena. Samatta mwenyewe aliondoka Genk akaenda Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Mchezaji mmoja anaweza kuhama mara nyingi, na kila mara waliomlea wana haki yao.

Lakini haki hiyo inasomwa kwenye pasipoti ya mchezaji, ile karatasi inayoonyesha aliandikishwa timu gani mwaka gani. Tangu Novemba 2022 pesa hizi zinapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris. Mtu wa Paris hajui mwembe wangu, hajui kama mtoto huyu alikula kwangu. Anaona kilichoandikwa tu. Na mimi nimesikia kwa mtu anayefanya kazi na makaratasi hayo kwamba kwa upande wetu imeandikwa miaka miwili. Miwili, Papa! Hata ikiwa ni ya mwisho, hiyo ni asilimia 1 tu. Mitano imekwenda wapi?

Nina kaye, daftari la michango. Unaijua, ya jalada la bluu. Mimi ndiye mweka pesa wa mashabiki tangu zamani. Ukurasa wa kwanza umeandikwa "leseni ya watoto", na chini yake majina 31 ya watu waliochanga, wengine faranga 500, wengine 200, fundi viatu wa soko la Kenya alitoa 1,000 na kushona kiatu cha kushoto cha Namba Nane kwa uzi wa nailoni bila kudai kitu. Kila mwaka kuna ukurasa wake. Kila mwaka pesa zilipelekwa kwa katibu wako na saini yake ipo. Leseni zilitoka, kadi ndogo zenye picha, nimezishika kwa mikono hii. Kwenye ile ya kwanza amekunja uso kwa sababu jua lilikuwa machoni. Baada ya kila msimu kadi ziliwekwa kwenye sanduku la chuma la kijani, na sanduku hilo liko kwako, chumba cha nyuma, chini ya mabango ya zamani. Nililiona siku ya matanga ya baba yako, nilipokuja kupika.

Kwa nini halifunguliwi? Watu wanasema mengi. Wengine wanasema deni la basi la timu. Wengine wanasema yule wakala mwenye miwani alitaka mambo yaishe kabla dirisha la usajili halijafungwa, na wewe ulisukumwa. Kuna wanaosema miaka ile mitano itaandikwa kwa akademi fulani ambayo hakuna mtu wa komini aliyewahi kuuona uwanja wake, ili siku za mbele pesa ziende huko. Siwezi kuapa kwa hilo. Sikuona. Ila najua ukimya wako ndio unaoyalisha maneno hayo, na kila siku yanaongezeka. Labda ni uzembe tu, labda hakuna aliyekumbuka sanduku. Ningefurahi sana ikiwa ni uzembe. Uzembe unarekebishwa kwa asubuhi moja.

Nataka ujue pia nani alimlea, kwa sababu kwenye tangazo lenu mliandika "kituo chetu cha malezi". Kituo ni nini? Ni uwanja wa vumbi jekundu, mvua ikinyesha ni ziwa. Ni mipira miwili, mmoja una kiraka. Ni kocha wa watoto ambaye mwaka wa tatu sasa analipwa ahadi. Na ni sufuria yangu. Mtoto huyu alikula bukari kwangu kila siku ya mazoezi, majani ya sombe au lengalenga, samaki wa tomsoni kama kuna pesa. Mwaka 2024, ukame ulipoipiga Zambia na unga ukapanda mpaka watu wakawa wanapima kwa kikombe, nilipunguza sahani za nyumbani kwangu. Yake sikuipunguza. Alipoumia goti tulichanga pesa za radio ya hospitali, ile picha ya mifupa, nikauza kitenge changu cha sikukuu, kile cha maua ya njano. Sikukuambia wakati ule kwa sababu sikuona deni ndani yake. Ni mtoto. Aliniita mama. Usiku ule goti lilivimba kama papai, alilala kwenye mkeka wangu, na kila nilipomkanda alikuwa ananiuliza kama Jumapili atacheza.

Sidai kitenge. Sidai bukari ya miaka saba. Mashabiki wengine wanadai useme umemuuza kwa pesa ngapi, na wana haki, timu si duka la mtu mmoja. Wengine wanadai ujiuzulu. Kuna wanaotaka nusu ya pesa zitengeneze uwanja, na wanaotaka kocha wa watoto alipwe kwanza, na huyo wa mwisho naungana naye kwa roho yote. Nilianza barua hii nikiwa na madai tisa. Nimeyafuta moja moja usiku huu, umeme umekatika, naandika kwa mshumaa, kwa sababu najua ukipewa tisa utajibu lile jepesi.

Nabaki na moja. Fungua sanduku.

Fungua sanduku, Papa Prezida, mbele ya wazee wawili, katibu na mimi na kaye yangu. Tutoe kadi zote saba za Namba Nane, tuzipige picha, zipelekwe shirikisho la mpira, pasipoti isahihishwe kwa ukweli wake kabla mtoto hajahama tena. Huhitaji kuniomba msamaha kwa geti lako. Huhitaji hata kusema bei siku hiyo. Kuna watoto arobaini wanaofanya mazoezi saa hizi kwenye uwanja ule, na mmoja wao, kamdogo kake Namba Nane yaani, anatimiza miaka 12 mwezi ujao. Leseni yake ya kwanza tunaichangia kuanzia Jumamosi. Nimeshafungua ukurasa mpya, jina lake liko juu, na waliochanga mpaka jana ni sita. Wengine wananiuliza kadi yake itawekwa wapi, na mimi sina jibu la kuwapa.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, nitakuwa getini kwako na kaye. Nitakuja na ile jezi pia. Mwambie mlinzi afungue.

Kwa heshima,

Mama wa banda la mwembe,
mweka pesa wa mashabiki,
komini ya Kenya, Lubumbashi