Ghadhabu ya Mungu msiifute, ila msiwatupie waliofiwa

Mhariri, salamu.

Nimesoma makala ya mwandishi wenu anayetaka wahubiri waache kabisa kuongelea hasira ya Mungu, kwamba ni vitisho tu vya kuwatia watu hofu ili watoe sadaka. Kilichomkera nakielewa vizuri sana, ila dawa aliyotoa mi siikubali hata kidogo.

Tuanze na kilichomkera. Tarehe 3 Desemba 2023, ilikuwa Jumapili, tope na mawe na miti vilishuka kutoka mlima Hanang, mkoani Manyara, vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Wataalamu wa serikali wakaeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikashindwa kujishikilia ikaporomoka. Watu wakiwa bado wanatoa ndugu zao kwenye tope, kwenye magrupu ya WhatsApp ikawa inazunguka klipu ya mhubiri anasema Mungu amechoka na dhambi za watu wa kule. Jamani! Mtoto aliyefunikwa na tope amelala kitandani kwao alikuwa na dhambi gani ambayo mimi na huyo mhubiri hatuna?

Na si kwamba Biblia imenyamaza kuhusu hili. Yesu alipashwa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, na yeye mwenyewe akaongezea wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote Yerusalemu? Akasema sivyo, halafu akawageukia waliokuwa wanamsikiliza akawaambia wao ndo watubu. Ipo Luka 13, kila mhubiri anayo. Halafu kuna kitabu cha Ayubu ambacho watu wanakisoma mwanzo tu wanaishia njiani. Marafiki wa Ayubu, mtu aliyefiwa na watoto wake wote, walikaa sura nyingi wakimwambia umepigwa kwa sababu umekosa, tubu, Mungu haonei mtu. Ukifika sura ya 42 Mungu anamwambia Elifazi hasira zangu zinawaka juu yako na juu ya rafiki zako wawili kwa kuwa hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu. Yaani hasira ya Mungu kwenye kitabu kile inaishia kuwawakia walewale waliomhubiria aliyefiwa kwamba msiba wake ni adhabu. Mi kila nikifika hapo naogopa, na natamani kila anayeshika maiki apasome kabla hajaongelea mafuriko ya watu.

Sasa mwandishi wenu anasema basi tuiondoe hasira tubaki na Mungu wa upendo. Wazo hilo ni la zamani mno. Kulikuwa na mtu anaitwa Marcion, tajiri wa meli kutoka Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, alifundisha kule Roma kwamba Mungu anayehukumu wa Agano la Kale ni mwingine na Baba wa Yesu ni mwingine, na mwaka 144 kanisa la Roma lilimtenga, na inasemekana walimrudishia mpaka zile hela nyingi alizokuwa ametoa. Mi naona walifanya sawa, maana huyo Yesu tunayeambiwa ni mpole tu, Marko 3 inasema aliwatazama kwa hasira na huku anahuzunika kwa ugumu wa mioyo yao, pale walipokuwa wanamvizia kama atamponya mtu aliyepooza mkono siku ya sabato. Hasira na huzuni kwa pamoja, kwa sababu mtu anateseka mbele yao na wao wanatafuta kesi.

Namjua dada mmoja wa kazi, sitamtaja wala mtaa wake, alifanya kazi nyumba moja miezi mingi bila mshahara, kila akiuliza anaambiwa nakuwekea usije ukatumia vibaya, mwisho akafukuzwa na begi lake na nauli ya basi tu. Baba wa nyumba ile ni mzee wa kanisa. Siku moja kwenye jumuiya dada yule akapewa asome Yakobo 5, ujira wa wakulima mliouzuia kwa hila unapiga kelele, na vilio vyao vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Akasoma taratibu, akafunga Biblia, akasema kumbe Mungu amekasirika, na ile sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata faraja, si vitisho. Mwambie dada yule kwamba Mungu hakasirikagi uone utakuwa umemnyang'anya nini. Polisi hakwenda, mahakamani hana wa kumpeleka, amebaki na Hakimu mmoja tu.

Nabii Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo, hasira aliyotumwa nayo ilikuwa kwa watu wanaouza maskini kwa jozi ya viatu halafu wanaenda kuimba kwenye sikukuu, na Mungu akasema sikukuu zenu nazichukia. Wahubiri wetu wengi hawafiki huko. Kwenye sharika nyingi ninazozijua binti akipata mimba kabla ya ndoa anatengwa, anatolewa kwaya, wiki hiyohiyo, na haruhusiwi kukaribia Meza ya Bwana mpaka arudi kundini mbele ya watu wote. Aliyekalia mshahara wa mfanyakazi anaendelea kushika kapu la sadaka, na hapo ndo ghadhabu ya Mungu ingehubiriwa kwa nguvu zote, wala isingehitajika kumtisha mtu aliyefiwa. Petro mwenyewe ameandika hukumu inaanza na nyumba ya Mungu.

Kwa hiyo Mhariri naomba jambo moja. Kama kuna usharika au parokia yoyote imewahi kumweka muumini chini ya nidhamu ya kanisa kwa kosa la kuzuia mshahara wa mtu, waandike kwenye ukurasa huu walifanyaje, na yule mfanyakazi alilipwa au la.

Muumini wa Kilutheri,
Arusha